Kompyuta mpya inapochemka kabla waranti haijaisha

KOMPYUTA inayonunuliwa Dar es Salaam na kupelekwa Likawage, kata iliyoko upande wa bara wa Wilaya ya Kilwa mkoani Lindi, husafiri kwa basi hadi Nangurukuru, kisha huiacha barabara kuu ya lami na kushika njia ya kuingia ndani. Mara nyingi anayeinunua siye anayeitumia. Risiti hubaki kwa ndugu aliyeko mjini, kadi ya waranti husahaulika ndani ya boksi, na mashine yenyewe huishia mezani kwa mwalimu, ofisa wa kijiji au karani wa chama cha msingi cha ushirika.

Utengano huo hauonekani kuwa na madhara mpaka siku mashine inapoanza kuchemka. Feni huunguruma bila kupumzika, sehemu ya chini haishikiki, kazi inakwenda polepole, na hatimaye kompyuta hujizima katikati ya barua au hesabu. Kwa karani wa ushirika, jambo hilo likitokea wakati wa minada ya ufuta, zao linalouzwa mkoani humo kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, ni orodha ya malipo ya wakulima inayokwama.

Mtumiaji hurudisha lawama kwa muuzaji, na muuzaji huitupia hali ya hewa ya pwani. Swali linalobaki ni moja: je, hilo ni joto la Likawage au ni ubovu wa mashine? Jibu lake ndilo linaloamua nani atabeba gharama, na linaweza kupatikana bila kufungua skrubu hata moja.

Joto linatoka wapi

Kila kompyuta hutoa joto, hata iliyo nzima. Karibu umeme wote unaotumiwa na prosesa, yaani kifaa kinachofanya hesabu zote za mashine, hugeuka kuwa joto. Katika kompyuta nyingi za mpakato, joto hilo hupokewa na kipande cha chuma kilichogusana na prosesa, likapitishwa kwenye vibomba vya shaba hadi pembeni, ambako feni hulipuliza nje kupitia matundu ya hewa. Kati ya prosesa na chuma hicho hupakwa tabaka jembamba la grisi maalumu ya kupitisha joto.

Ubovu wa kiwandani huweza kujificha katika hatua yoyote kati ya hizo. Grisi ikipakwa vibaya, chuma kisipokazwa sawasawa au feni ikiwa na kasoro, joto hukosa njia ya kutoka. Prosesa nyingi za kisasa zimewekewa kikomo kinachokaribia nyuzi 100 za Sentigredi. Kikomo hicho kikikaribiwa, prosesa hupunguza kasi yenyewe, na joto likizidi kupanda, mashine hujizima ili isiungue. Kwa hiyo kompyuta inayojizima kwa sababu ya joto inajikinga. Kinachopaswa kutafutwa ni sababu ya kulazimika kujikinga kila siku.

Upande wa pili wa hoja ni mazingira. Vitabu vya maelekezo vya kompyuta nyingi za mpakato hutaja nyuzi 35 kuwa kikomo cha juu cha joto la mahali inapotumika. Mchana wa Lindi hupita nyuzi 30 bila shida, na chumba kilichoezekwa kwa bati bila dari, chenye dirisha moja lililofungwa, huweza kuvuka 35 kabla ya saa nane. Katika chumba cha namna hiyo hata mashine isiyo na kasoro huchemka, na muuzaji ana haki ya kusema kuwa imetumika nje ya masharti.

Kipimo cha alfajiri

Njia rahisi ya kutenganisha sababu hizo mbili ni kuifanyia kompyuta kazi ileile katika hali mbili tofauti. Jaribio la kwanza lifanyike alfajiri, kabla bati halijapata moto, mashine ikiwa juu ya meza ngumu isiyo na kitambaa, dirisha likiwa wazi. La pili lifanyike alasiri, mahali na kazi vikiwa vilevile. Kipimajoto cha kawaida cha ukutani kinatosha kuonyesha joto la chumba.

Mashine inayotulia alfajiri na kulemewa alasiri pekee inaelekea kusumbuliwa na mazingira. Inayochemka na kujizima hata alfajiri, chumba kikiwa na nyuzi 25, ikiandika barua tu, haiwezi kusingiziwa jua. Majaribio hayo yarudiwe siku tatu, na kila mara yaandikwe: tarehe, saa, joto la chumba, kazi iliyokuwa ikifanyika, na dakika zilizopita kabla ya kujizima. Picha ya simu inayoonyesha kipimajoto kando ya kompyuta huongeza uzito.

Kompyuta zinazotumia Windows pia hutunza kumbukumbu ya matukio ndani yake, ikiwamo kila mara mashine ilipozimika bila kufungwa kwa utaratibu. Fundi wa muuzaji anaweza kuisoma kumbukumbu hiyo na kuilinganisha na maandishi ya mtumiaji. Tarehe zikilingana, hoja ya kuwa mteja anatia chumvi hupungua nguvu.

Yasiyo ubovu

Kabla ya kulalamika, yapo mambo manne ya kuondoa shakani.

La kwanza ni kazi za siku za mwanzo. Kompyuta mpya ikiunganishwa na intaneti hupakua masasisho, hukagua virusi na kupanga orodha ya mafaili yake. Kazi hizo huishughulisha prosesa na kupandisha joto. Mjini huweza kumalizika kwa saa chache, lakini mahali ambapo intaneti ni ya simu ya mkononi yenye mtandao hafifu, huburuta kwa siku kadhaa. Kwa kubonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, mtumiaji wa Windows huona orodha ya programu zinazotumia prosesa. Masasisho yakishaisha na programu zote zikafungwa, matumizi ya prosesa hupaswa kushuka na feni kutulia.

La pili ni kuziba hewa. Kompyuta nyingi za mpakato huvuta hewa kwa chini. Godoro, mkeka, mto na kanga huziba matundu hayo, na vitambaa vya kufuma vinavyofunika televisheni na redio majumbani huhifadhi joto vinapoachwa juu ya kompyuta inayofanya kazi.

La tatu ni umeme. Chaja nyingi za kompyuta za mpakato hupokea volti 100 hadi 240, hivyo umeme wa Tanzania wa volti 230 umo ndani ya kiwango hicho. Hata hivyo, umeme unaopanda na kushuka, au unaotoka kwenye inveta duni ya sola, huweza kuipasha moto chaja kupita kiasi. Kompyuta ijaribiwe pia kwa betri pekee. Ikitulia inapochomolewa, chaja au chanzo cha umeme kichunguzwe kwanza.

La nne ni chaja isiyo yake. Chaja ya kuokoteza inayoingia kwenye tundu haithibitishi kuwa volti na ampea zake zinafaa. Ikigundulika kuwa imetumika, muuzaji hupata sababu ya kuikataa waranti yote.

Dalili zisizosubiri

Zipo dalili ambazo hazihitaji kipimo chochote. Harufu ya kuungua, moshi, plastiki iliyoanza kuyeyuka au betri iliyovimba huamuru mashine izimwe na chaja ichomolewe papo hapo. Betri iliyovimba hujulikana kwa kibao cha kugusia kilichonyanyuka, kifuniko kisichofunga sawasawa au tumbo la mashine lililotuna.

Kompyuta ya namna hiyo isichajiwe tena, betri isitobolewe wala kukandamizwa, na mashine iwekwe juu ya sakafu ya saruji mbali na vitu vinavyoshika moto. Isitumwe kwa basi kama kifurushi cha kawaida, kwa kuwa betri za lithiamu zilizoharibika huweza kuwaka moto njiani. Muuzaji apigiwe simu kwanza, apelekewe picha, na aeleze yeye jinsi ya kuipokea.

Kishawishi cha bisibisi

Kosa linalowapotezea wengi haki yao ni la nia njema. Mashine ikichemka, huitwa fundi wa jirani, naye huifungua, hupuliza vumbi, hubadilisha grisi na kuifunga. Huenda ikapona kwa wiki moja. Ikiugua tena, muuzaji huona alama za bisibisi, au stika iliyochanika, na kusema kuwa ubovu umeletwa na fundi huyo. Hata kama si kweli, mteja hana tena ushahidi wa hali ilivyokuwa.

Huko Marekani, Tume ya Biashara ya nchi hiyo ilizionya kampuni sita Aprili 2018 kuhusu masharti ya waranti, yakiwamo ya kuifuta kwa sababu tu stika imeondolewa au kipuri cha kampuni nyingine kimetumika, ikirejea sheria ya waranti ya mwaka 1975. Mnunuzi wa Tanzania hawezi kuitegemea sheria hiyo. Kwake yeye usalama upo katika kuiacha mashine ilivyo hadi aliyetoa waranti aikague.

Yapo pia matibabu ya kienyeji ya kuepukwa. Kuiweka kompyuta kwenye jokofu, kisha kuitoa katika hewa yenye unyevu ya pwani, hufanya matone ya maji kujikusanya ndani. Kupuliza matundu kwa mdomo huingiza mate na unyevunyevu. Kilichoharibiwa na maji kwa kawaida hakimo katika waranti.

Karatasi inayofutika

Waranti ya mtengenezaji kwa kompyuta mpya aghalabu ni ya mwaka mmoja, na betri huweza kuwa na muda wake mfupi zaidi. Baadhi ya maduka hutoa waranti ya duka, ambayo ni ahadi ya muuzaji mwenyewe na haina uhusiano na kiwanda. Ni vyema kujua mapema ipi kati ya hizo imetolewa, kwa kuwa hupelekwa milango tofauti.

Kinachofungua mlango wowote kati ya hiyo ni risiti, na risiti ina udhaifu wake. Mashine za kielektroniki za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, kwa kawaida huchapa kwa joto juu ya karatasi maalumu, na maandishi yake hufifia yakikaa juani au mahali penye joto. Risiti iliyowekwa kwenye dirisha la gari au droo yenye joto huweza kuwa karatasi nyeupe kabla ya mwaka kwisha. Siku ya kununua itolewe kivuli na ipigwe picha, pamoja na kadi ya waranti na namba ya utambulisho iliyo chini ya mashine. Ndugu wa mjini abaki na nakala, na mtumiaji wa Likawage apelekewe yake.

Namba hiyo ya utambulisho ina kazi nyingine. Ikiingizwa kwenye tovuti ya mtengenezaji, mara nyingi huonyesha tarehe waranti ilipoanza na nchi inakotambuliwa. Kompyuta iliyoandaliwa kwa soko la nchi nyingine huweza kukosa huduma hapa nchini. Ile ambayo waranti yake ilianza miaka mitatu kabla ya kununuliwa huibua swali iwapo kweli ni mpya.

Sheria inasema nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, huweka katika mkataba wa mauzo masharti ambayo si lazima yaandikwe. Anayefanya biashara ya bidhaa fulani hutarajiwa kutoa bidhaa yenye ubora unaostahili kuuzwa. Mnunuzi akimweleza matumizi anayokusudia na kutegemea ujuzi wake, bidhaa hutarajiwa kufaa kwa matumizi hayo. Mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha, lakini ubovu wa kuchemka hauonekani kwa dakika tano za kuwasha mashine dukani chini ya kiyoyozi.

Sheria hiyo ina upande unaomgeukia mnunuzi pia. Anayekaa na bidhaa kwa muda unaozidi wa kawaida bila kumjulisha muuzaji kuwa anaikataa huhesabiwa ameipokea. Akishaipokea, haki ya kuirudisha humponyoka, akabaki na kudai fidia. Mtu anayevumilia kompyuta inayochemka kwa miezi minane kwa kuona haya kulalamika hujipunguzia nguvu mwenyewe.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ushindani Namba 8 ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kudanganya katika biashara. Kuuza kompyuta iliyotumika kwa jina la mpya ni mfano ulio wazi. Tume ya Ushindani, FCC, ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na ndiyo inayopambana na bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963.

Maneno yanayochapwa kwenye risiti nyingi, kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi, huwatisha wateja kuliko yanavyostahili. Muuzaji aliyetoa kadi ya waranti ameahidi kwa maandishi kushughulikia ubovu ndani ya muda fulani, na maneno hayo hayamruhusu kuikana ahadi yake.

Hata wakubwa hukosea

Anayeambiwa kuwa kampuni yenye jina haiwezi kutoa mashine mbovu anaweza kukumbusha historia. Agosti 2006 kampuni ya Dell ilirejesha betri milioni 4.1 za kompyuta za mpakato zilizokuwa na seli za Sony, kwa hofu ya kuchemka na kuwaka moto. Siku chache baadaye Apple ilitangaza kurejesha milioni 1.8. Julai 2007 Microsoft ilirefusha hadi miaka mitatu waranti ya mashine zake za michezo za Xbox 360 zilizokumbwa na hitilafu iliyojulikana kwa taa tatu nyekundu, hatua iliyotengewa zaidi ya dola bilioni moja. Mwaka uliofuata Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za michoro zilizokuwa zikifa ndani ya kompyuta za mpakato kutokana na malighafi dhaifu.

Hatua za namna hiyo hutegemea pia malalamiko ya wateja yaliyoandikwa na kukusanyika. Mteja anayenyamaza, au anayeitupa mashine na kununua nyingine, haingii katika hesabu hiyo. Ndiyo maana inafaa kukagua kwenye tovuti ya mtengenezaji kama namba ya mashine imo katika orodha ya bidhaa zinazorejeshwa, kwa kuwa baadhi ya marekebisho hayo hutolewa bure hata baada ya waranti kwisha.

Safari ya kurudi

Ikithibitika kuwa ubovu ni wa mashine, muuzaji aandikiwe barua fupi, hata kwa ujumbe wa simu unaohifadhika, yenye tarehe ya kununua, namba ya mashine, dalili na matokeo ya majaribio. Aulizwe mapema nani atalipa nauli ya kifurushi, matengenezo yatachukua siku ngapi, na iwapo siku ambazo mashine itakaa kwa fundi zitaongezwa kwenye muda wa waranti.

Mafaili yote yanakiliwe kwanza kwenye flashi au kompyuta nyingine, kwa sababu waranti hulinda chombo, na kilichoandikwa ndani yake huweza kufutwa. Orodha za wakulima, matokeo ya wanafunzi na nywila zisiachwe humo. Anayeipokea mashine dukani atie saini na tarehe kwenye karatasi inayotaja namba yake na vitu vilivyoambatana nayo, ikiwamo chaja.

Umbali nao uhesabiwe. Mei 2024 mvua kubwa ziliikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi katika maeneo ya Kilwa, likiwamo la Somanga, na usafiri ukakwama. Anayesubiri wiki ya mwisho ya waranti hujiweka chini ya rehema za barabara, wakati taarifa ya maandishi iliyotolewa mapema huonyesha kuwa ubovu ulijitokeza ndani ya muda.

Kwa ndugu wa mjini anayetaka kununua, kazi kubwa hufanyika kabla ya kulipa. Aulize kituo cha matengenezo kiko wapi, amweleze muuzaji kwa maandishi kuwa mashine itatumika Kilwa kwenye joto, na aichague ile ambayo matundu yake ya hewa hayapo chini pekee. Kisha aiwashe mfululizo kwa siku mbili nyumbani kwake kabla ya kuikabidhi kwa kondakta. Ubovu unaojitokeza Dar es Salaam hurudishwa Kariakoo kwa daladala, lakini ukijitokeza Likawage hugharimu safari mbili za basi na wiki kadhaa za kazi iliyolala.